Marekani kantini za majengo ya serikali hupewa kwanza wasioona: sheria ya 1936 inavyofanya kazi, na kwa nini mikopo yetu haifiki huko

Bandarini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Niko Ohio, kazi yangu ni kusambaza soda, maji na vitafunwa kwenye majengo ya ofisi. Baadhi ya ninaowashushia mzigo ni watu wasioona wanaoendesha vibanda na migahawa ndani ya majengo ya serikali kuu: mahakama, posta, ofisi za kodi. Wapita njia wengi wakiwaona pale hudhani ni msaada wa kanisa au huruma ya mkuu wa jengo. Si hivyo. Wako pale kwa sheria, na ni sheria ninayotaka tuijadili humu kwa kina kwa sababu nyumbani tuna ndugu wengi wasioona wanaozungushwa kila mwaka na ahadi za mikopo.

Inaitwa Randolph-Sheppard, kwa majina ya wabunge wawili walioibeba: Jennings Randolph wa West Virginia na Seneta Morris Sheppard wa Texas. Rais Franklin Roosevelt aliitia saini tarehe 20 Juni 1936. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mtu mwenye macho yake na mikono yake alikuwa anazunguka mji mzima hapati kibarua, seuze asiyeona. Serikali haikuwa na ajira za kuwagawia. Ilichokuwa nacho ni majengo, na kila jengo lina ukumbi wa kuingilia unaopitwa na watu kutwa nzima. Ikaamua kwamba pale mlangoni, anayeuza magazeti, sigara na peremende awe ni mtu asiyeona mwenye leseni.

Utaratibu wake uko hivi. Kila jimbo linaloshiriki lina wakala wake wa kutoa leseni. Wakala humfundisha asiyeona biashara: hesabu, manunuzi, usafi wa chakula, jinsi ya kusimamia wafanyakazi. Akifuzu anapewa leseni. Wakala ndiye anayeomba kibali cha eneo kwa wenye jengo, ndiye anayenunua vifaa, na ndiye anayeweka mzigo wa kwanza. Baada ya hapo biashara ni ya muuzaji. Hapokei mshahara wa serikali. Anakula faida, na akizembea anakula hasara. Kwenye faida halisi anakatwa sehemu inayokwenda kwenye mfuko wa wauzaji wenyewe. Mfuko huo hutengeneza na kubadilisha vifaa, hulipia usimamizi, huwafidia waliopata kipato kidogo mno, na wauzaji wakipiga kura kwa wingi unaweza pia kugharamia pensheni, bima ya afya na likizo ya ugonjwa. Wana kamati yao wanayoichagua wenyewe, na wakala anatakiwa aishirikishe katika maamuzi makubwa.

Sheria ilirekebishwa 1954, kisha ikafumuliwa hasa 1974. Aliyeisimamia mara hiyo ya mwisho ni Randolph yuleyule, safari hii akiwa seneta, karibu miaka 40 baada ya ile ya kwanza. Kilichomrudisha ni kwamba sheria ilikuwa inatobolewa matundu. Zilipoingia mashine za kuuza soda na chokoleti, maofisa wa majengo walizipanga kwenye korido, na mapato yake yakawa yanaingia kwenye vyama vya burudani vya wafanyakazi. Asiyeona amekaa kwenye kibanda chake chini, wateja wanaishia kwenye mashine ghorofani.

Marekebisho ya 1974 yaliziba hilo kwa viwango. Mashine inayoshindana moja kwa moja na muuzaji asiyeona, mapato yake yote yanakwenda upande wa wasioona. Isiyoshindana naye moja kwa moja, nusu. Na kwenye majengo ambayo nusu ya saa za kazi au zaidi ziko nje ya saa za kawaida, kama vituo vya posta vya usiku, ni asilimia 30. Mimi hizi mashine nazijaza kila wiki, na naona tofauti ya muuzaji anayezipata na asiyezipata. Mashine haifungi saa kumi na moja jioni.

Marekebisho hayohayo yaliingiza migahawa mikubwa, na yakasema jengo jipya au linalokarabatiwa kwa kiasi kikubwa kuanzia Januari 1975, likiwa na wafanyakazi wa serikali kuu wasiopungua 100 na ukubwa wa futi za mraba 15,000 (karibu mita 1,400 za mraba), litengewe eneo la muuzaji asiyeona tangu kwenye ramani.

Tangu kwenye ramani, wakuu. Hapo ndipo ninaposhikilia hoja yangu. Mfanyabiashara asiyeona hakwami kwa sababu hana mkopo. Anakwama kwa sababu hana mahali. Mwenye macho akikosa eneo zuri anatembeza bidhaa, anahamia mtaa wa pili, anaziwahi foleni za daladala. Asiyeona anahitaji kaunta isiyohama, rafu anazozijua kwa vidole, na wateja wanaokuja wenyewe. Tanzania tuna mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, mbili zikiwa za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Ni kitu chema, siipingi. Lakini mtu anapewa fedha, halafu anaambiwa akatafute pa kuuzia huko nje na sisi wengine. Marekani ya 1936 ilianza na mahali.

Naomba michango.

Kifaru Mweusi

Mkuu Bandarini, uzi mzito, ila mimi napinga na nitasema wazi. Nina fremu Sinza. Nalipa pango miezi sita kwa mpigo, leseni, kodi, taka, ulinzi shirikishi. Friji nimelinunua mwenyewe kwa kuchangishana na shemeji yangu. Leo mwingine apewe eneo, apewe friji, apewe mzigo wa kwanza, halafu mlango ufungwe nisiingie kushindana naye? Kama ni msaada uitwe msaada, apewe ruzuku kila mwezi. Biashara ni ushindani.

Bandarini

Kifaru, nashukuru umesema wazi. Nina mambo matatu.

Kipaumbele hiki kinahusu mali ya serikali tu. Mgahawa uliovuka barabara mbele ya mahakama hauguswi na mtu. Majimbo mengi yametunga sheria zao ndogo kwa majengo ya jimbo, lakini hizo nazo ni mali ya umma. Hakuna aliyepokonywa fremu yake.

Pili, kwenye migahawa mikubwa kipaumbele hakimaanishi chakula kibovu kwa bei ya kuruka. Kanuni inataka bei iwe ya kuridhisha na ubora ulingane na ule uliokuwapo. Leseni yenyewe inafutika, baada ya kusikilizwa, mtu akiendesha vibaya. Na vile vifaa kwa kawaida hubaki mali ya jimbo. Ukiacha biashara unaondoka na mikono yako, friji linabaki.

Tatu ndilo kubwa kwangu. Fremu yako ya Sinza umeipata sokoni. Kantini ya ofisi ya serikali haikupatikana hivyo. Kuna mtu alikaa mezani akaamua nani apewe. Mara zote kuna anayependelewa, iwe kwa bei, kwa kujuana au kwa kuwahi. Wamarekani waliamua upendeleo huo uandikwe, ujulikane ni wa nani na kwa masharti gani, na anayenyimwa awe na pa kushitaki: asiyeona anaanza na wakala wa jimbo, akishindwa kuridhika inaitishwa baraza ya usuluhishi chini ya Wizara ya Elimu, kisha mahakamani. Na ruzuku unayoisema wanayo tayari. Mtu aliyezoea kufungua duka lake asubuhi hataki kuishi kwa ruzuku, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Mto Athi

Salamu kutoka Machakos. Hapa kwetu Kenya tuna AGPO, asilimia 30 ya tenda za serikali kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Kwa karatasi iko sawa kabisa. Wacha niwaambie ilivyotokea kwetu.

Binamu yangu haoni tangu utotoni. Tulisajili biashara pamoja, tukapata cheti, tukashinda tenda ndogo ya kupeleka chai na chakula cha mikutano kwa ofisi moja ya serikali. LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, tukapewa. Tukakopa kwa chama chetu cha kuweka na kukopa, tukanunua, tukapeleka, wakakula. Malipo yakakaa mpaka chama kikaanza kutupigia simu kila jioni. Tulipolipwa, faida yote ilikuwa imeisha kwa riba.

Kisha akaja bwana mmoja mwenye pesa. Alichotaka ni jina la binamu na kadi yake ya ulemavu. Akasema, "Nyinyi kaeni nyumbani, kila tenda nitawatumia kitu kidogo." Binamu alikataa palepale, ingawa wiki hiyo hakukuwa na unga nyumbani. Wengi wanakubali, na siwezi kuwalaumu.

Sasa swali: hawa Wamarekani, matajiri hawajifichi nyuma ya asiyeona?

Bandarini

Mto Athi, mpe binamu heshima zangu. Swali lako limegusa penyewe, na nitalijibu kwa urefu.

Kibanda cha mlangoni hakina hatari hiyo. Kidogo mno, tajiri hana haja nacho. Hatari ilikuja na mikataba mikubwa, hasa mabwalo ya chakula ya jeshi. Bwalo la kambi linalisha maelfu ya askari mara tatu kwa siku, na mkataba wake ni mamilioni ya dola. Hakuna mtu mmoja, awe anaona au haoni, anayeuendesha peke yake. Kwa hiyo wakala wa jimbo anaomba mkataba kwa niaba ya muuzaji mwenye leseni, na muuzaji anaungana na kampuni kubwa ya upishi yenye mitaji na wapishi. Wapo wasioona wanaoendesha kweli: wako kambini kabla jua halijachomoza, wanajua idadi ya sahani, wanaajiri na kufukuza. Na malalamiko yamekuwapo miaka mingi, hadi kwenye Bunge la Marekani, kwamba kwenye mikataba mingine kampuni ndiyo inayofanya kila kitu na asiyeona ni sahihi tu. Mimi nalichukulia lalamiko hilo kwa uzito. Sheria iliyotungwa kumtoa mtu kando ya barabara ikigeuka njia ya kampuni kukwepa ushindani, imeharibika.

Kuna jambo jingine lililonisikitisha zaidi nilipolisoma. Waliogombana na wasioona kwa miaka mingi juu ya mabwalo hayo ni watu wengine wenye ulemavu. Mwaka 1938, miaka miwili baada ya Randolph-Sheppard, ilitungwa sheria nyingine, ya Wagner-O'Day, iliyoitaka serikali inunue mafagio na bidhaa nyingine kutoka karakana za wasioona. Mwaka 1971 Seneta Javits aliipanua iwahusu wenye ulemavu mwingine mkubwa na iingize huduma, si bidhaa tu. Sasa bwalo la jeshi ni la nani? Sheria hii inampa muuzaji asiyeona kipaumbele cha kuendesha mgahawa; ile inazipa taasisi zinazoajiri watu wenye ulemavu mikataba ya huduma. Kila upande una watu wanaohitaji kula.

Walifikishana mahakamani. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa nne (mizunguko ni kanda za mahakama hizo), kwenye kesi ya NISH dhidi ya Cohen (NISH ilikuwa shirika la hizo taasisi, Cohen alikuwa Waziri wa Ulinzi), ilisema bwalo la jeshi linahesabika kama mgahawa chini ya sheria ya wasioona, na kwamba sheria hiyo ndiyo mahususi zaidi, kwa hiyo inatangulia. Mwaka 2003 mzunguko wa kumi ukaamua hivyohivyo. Baada ya hapo mzozo ukahamia kwenye vipande: kama jeshi linapika lenyewe na linataka mtu wa kuosha vyombo na kufuta meza tu, hiyo ni kuendesha mgahawa? Bado wanavutana.

Ninachokiona mimi: mtunga sheria akitoa haki mbili juu ya sahani moja bila kusema ipi inaanza, wanaoumizana ni wanyonge wenyewe. AGPO imeweka vijana, akina mama na wenye ulemavu kwenye fungu moja la asilimia 30. Angalieni ndani ya fungu hilo nani anafika wa mwisho.

Mto Athi

Unajua tayari jibu. Asante.

Dada wa Keko

Kaka Bandarini, mimi si mtu wa sheria, nauliza la nyumbani. Mdogo wangu wa kiume alipoteza macho akiwa mkubwa. Kabla ya hapo alikuwa anauza vifaa vya simu. Sasa amekaa tu, na kinachomtia hofu akifikiria biashara ni fedha. Anasema nitajuaje kama nimepewa elfu kumi au elfu mbili? Hao wa huko wanafanyaje?

Bandarini

Dada, pole sana wewe na mdogo wako. Nikuambie ninachokiona kaunta.

Noti za dola zote zina ukubwa mmoja, ya moja na ya mia. Ukipapasa hupati kitu. Chama kimoja cha wasioona, American Council of the Blind, kiliishitaki Hazina ya Marekani kwa hilo, kikashinda mwaka 2006, na mahakama ya rufaa ikathibitisha 2008 kwamba noti hizo zinawabagua wasioona. Hazina ikaahidi alama ya kupapasa kwenye noti zijazo, na wakati wa kusubiri ikawa inatoa bure kimashine kidogo: unachomeka ncha ya noti, kinataja thamani kwa sauti au kwa mtetemo.

Muuzaji mmoja ninayempelekea mzigo hutumia hicho kwa noti asiyoiamini. Zaidi ya hapo ana mpango wake wa mikono ambao wasioona wengi huku wanautumia. Noti ya dola moja anaiacha imenyooka. Ya tano anaikunja kwa upana. Ya kumi kwa urefu. Ya ishirini mara mbili, urefu na upana. Mteja akimpa noti anataja, "Natoa ishirini," yeye anarudia kwa sauti, "Ishirini," watu wa kwenye foleni wanasikia. Anaikunja, anaitia mahali pake. Wakati wa kurudisha chenji vidole vinasoma mikunjo. Mashine yake ya kuuzia inazungumza kila bei. Rafu zake hazibadilishwi: maji kushoto chini, soda juu yake, karanga kulia usawa wa kiuno. Nikikosea kreti moja anajua kabla sijafika mlangoni, kwa hiyo mzigo wake naupanga kwa uangalifu kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Na mdogo wako ana nafuu moja. Noti zetu za Tanzania zinatofautiana ukubwa. Ya 1,000 ni fupi, ya 10,000 ni ndefu. Tofauti ni ya milimita chache, inahitaji mazoezi, lakini ipo. Mweke akae na noti jioni, azipime kwa kidole cha shahada, asubuhi na usiku, hadi mkono uzoee.

Kinachonitia wasiwasi zaidi huko ni fedha za simu. Akiwa na simu ya batani, ujumbe wa malipo lazima asomewe na mtu, na huyo mtu ndiye anayejua salio lake. Simu janja yenye kisomaji cha sauti inaondoa hilo. Kama kuna fedha ya kwanza kabisa ya kutafuta, iwe ya simu hiyo na spika ya masikioni.

Dada wa Keko

Nimemsomea yote. Amekaa kimya, kisha akaniomba nimletee noti moja moja. Mungu akulipe.

Mwana Kivu

Ndugu zangu, niko Louisville, Kentucky. Familia yetu ilifika hapa kama wakimbizi kutoka Kongo kupitia kambi ya Nyarugusu. Baba mdogo macho yake yamekufa karibu yote. Je, mtu kama yeye anaweza kupata leseni hii, au ni ya wazaliwa wa hapa tu?

Bandarini

Mwana Kivu, karibu. Si ya wazaliwa tu. Masharti ya msingi ni haya: awe raia wa Marekani, na awe haoni kwa kipimo cha sheria, yaani jicho lililo bora, hata kwa miwani, lisizidi 20/200 (akione kwa futi 20 kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kwa futi 200), au upeo wa kuona usizidi nyuzi 20. Maana yake hata mwenye kuona kivulivuli anaweza kuingia. Uraia wa kuomba unahesabika sawa na wa kuzaliwa. Mkimbizi anapata ruhusa ya ukaazi wa kudumu kwanza, kisha kwa kawaida anaomba uraia baada ya miaka mitano, na huo wa mkimbizi huhesabiwa tangu siku aliyoingia. Mtihani wa uraia una nafuu kwa mwenye ulemavu unaomzuia kujifunza Kiingereza au historia, ila daktari lazima ajaze fomu yake.

Wakati anasubiri uraia asikae. Aende sasa kwenye ofisi ya jimbo ya huduma kwa wasioona, ambayo ndiyo hushughulika na mafunzo na leseni za Randolph-Sheppard pia. Fimbo nyeupe, kutembea peke yake, kompyuta inayozungumza, vyote anaweza kufundishwa kabla. Leseni haimhakikishii kibanda siku ileile. Kuna foleni ya maeneo, na wenye uzoefu mara nyingi hupandishwa kwenda maeneo makubwa kwanza. Aulize pia kuhusu mashine za vitafunwa kwenye vituo vya mapumziko vya barabara kuu. Tangu sheria ya usafiri ya 1982, majimbo yaliyoweka mashine huko yanatakiwa yawape kipaumbele wauzaji hawahawa.

Kifaru Mweusi

Nimesoma yote na nimeelewa zaidi kuliko nilivyoanza. Lakini bado nina swali la mfanyabiashara. Mnasifu mahali. Corona ilipokuja, mahali si ndipo palipokufa? Watu wote walihamia kufanya kazi nyumbani.

Bandarini

Ni kweli, na ni kidonda hadi leo. Machi 2020 majengo yalifungwa na kibanda cha ndani hakina mteja wa barabarani. Nilishuhudia mizigo ikirudi, maziwa yakimwagwa, mashine zikizimwa umeme. Bunge lilikuja kuwatengea wauzaji hawa dola milioni 20 katika bajeti iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka ule, fedha ambazo kwa nchi nzima zilikuwa kama kupoza koo. Wengine hawakurudi. Ofisi nyingi zilirudi kwa siku chache za wiki, na muuzaji anayetegemea chai ya asubuhi amepoteza siku zilizobaki. Waliosalia ni waliokuwa na mashine sehemu nyingi, barabarani na kwenye vituo vya posta, ambako watu hawakuacha kwenda kazini.

Kwa hiyo Kifaru, nakubali: mahali pekee panaweza kumwangusha mtu. Ndiyo maana nilisisitiza mashine. Mahali pakiwa pengi na padogo, hali inapobadilika haangamii kwa mkupuo.

Jiko la Nzuguni

Mimi ni mama lishe hapa Dodoma. Naona mnazungumza kantini za serikali kama vile hazina watu. Tupo. Wengine tumehamia huku pamoja na wizara, tunapika kwa ajili ya mafundi na wafanyakazi wa Mji wa Serikali wa Mtumba tangu majengo yanachimbwa msingi. Nina watoto wanne kwenye hizo sufuria. Nikiambiwa nimpishe asiyeona nitampisha kwa moyo gani?

Bandarini

Mama, swali lako ni la haki na ndilo ambalo mtunga kanuni anapaswa kulijibu kabla ya kusoma hotuba. Wamarekani walipoingiza migahawa, hawakumtoa aliyekuwa ndani. Kanuni zilisema mikataba iliyopo iendelee, na mazungumzo ya kumpa muuzaji asiyeona yafanyike mkataba unapofikia ukingoni. Majengo mapya ndiyo yaliyotengewa eneo tangu mwanzo. Hilo kwangu ndilo la kuiga, na Mji wa Serikali wa Mtumba ndio mahali pake, kwa sababu majengo bado yanaongezeka. Wewe na sufuria zako mbaki mlipo. Jengo linalochorwa leo ndilo liwe na kaunta ya asiyeona kwenye ramani.

Na hatuanzi kwenye utupu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea aajiri asilimia 3 wenye ulemavu. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu. Kinachokosekana ni kifungu kinachotaja kantini, kinachotaja asiyeona, na kinachosema nani anamnunulia vifaa. Kuajiri asilimia 3 kunaishia kwenye barua ya maombi. Kaunta iliyojengwa haipotei faili.

Tena asiyeona akipata kantini atahitaji mpishi. Mpishi huyo si atakuwa mama lishe mwenye uzoefu kama wewe, kwa mshahara au kwa ubia? Wauzaji wengi wa huku wana wafanyakazi wanaoona.

Jiko la Nzuguni

Kwa ubia nakaa mezani. Kwa mshahara wa kupangiwa, hapana. Liandikwe hivyo.

Dada wa Keko

Narudi tena. Ofisi moja ya serikali huku kwetu ina kibanda cha chai na vitafunwa uani, mwenye mkataba anamaliza mwaka huu na amesema haendelei. Kesho kutwa nakwenda na mdogo wangu kwa afisa ustawi wa jamii kuuliza. Tuseme nini? Sitaki tuonekane tumekuja kuomba sadaka.

Bandarini

Dada, mwache mdogo wako azungumze mwenyewe, wewe kaa pembeni. Aseme amewahi kuendesha biashara ya vifaa vya simu, mzunguko wake wa wiki ulikuwa kiasi gani, na yuko tayari kufanya majaribio kwa bei zilezile walizozoea wafanyakazi. Aende na watu wa Chama cha Wasioona Tanzania wa wilaya yenu wakipatikana. Ofisi inaisikiliza barua yenye mhuri.

Kwenye mkataba dai hivi. Muda usipungue mwaka, kwa sababu miezi mitatu anaimaliza akijifunza rafu na sauti za wateja. Asiruhusiwe mwingine kuuza chai na vitafunwa ndani ya uzio huohuo, na ikiletwa mashine ya soda mapato yake yajadiliwe naye kwanza. Jina kwenye mkataba liwe lake, namba ya malipo iwe ya simu yake.

Na ulizeni friji ni la nani. Kama ni la ofisi, iandikwe likiharibika nani anamwita fundi na ndani ya siku ngapi. Huku ndilo jambo linalogombanisha wauzaji na mawakala wao kuliko yote.

Dada wa Keko

Nimeandika. La friji lisingetujia akilini kabisa.